Usianze na sura: namna ya kusoma katuni za uchaguzi

Katuni ya uchaguzi ikiwekwa mbele ya watu sita, iwe kwenye meza ya magazeti Ngamiani au kwenye benchi la kahawa Makorora, swali la kwanza halibadiliki: "Huyu si fulani?" Akishatajwa fulani, usomaji umekwisha. Wa chama chake wananuna, wa chama kingine wanacheka, vikombe vinajazwa tena, na picha yenyewe hakuna aliyeisoma. Sisi tunaokaa na vijana wa Tanga wanaojiandaa kupiga kura kwa mara ya kwanza tumefikishwa na kazi hii kwenye utaratibu unaokwenda kinyume na mazoea hayo: sura huwa ya mwisho. Kwanza tarehe, halafu tendo, halafu vitu, halafu maandishi. Jina la mchorwa linatajwa wakati hakuna kingine kilichobaki kutajwa.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza, ngumu kuisimamia. Sura inaamsha ushabiki, na mshabiki hana haja ya kutazama sanduku la kura limewekwa wapi. Tendo halina kadi ya chama. "Mtu mnene amekalia sanduku la kura" ni sentensi ambayo mtu wa chama chochote ataikubali akiwa hajui mnene huyo ni nani. Akiwa ameshasema mbele ya wenzake kwamba kukalia sanduku ni dhuluma, kisha jina likaja kuwa la mgombea wake, itambidi ajibu hoja. Kununa peke yake hakutamtosha.

Vifaa si vingi. Nakala moja ya A3 kwa watu watano au sita inafaa kuliko nakala sita ndogo, maana vidole vyote vinaelekea sehemu moja na ubishi unakuwa juu ya kitu kinachoonekana. Tafuta vipande viwili vya karatasi ngumu, kimoja cha kufunika maandishi, kingine cha kufunika vichwa. Ongeza penseli. Dakika ishirini zinatosha kwa picha moja, na tano za mwanzo ni za kimya: kila mtu anaandika anachokiona bila kueleza maana yake. Zikifika dakika arobaini watu hawasomi tena picha, wanapiga kampeni.

Kinachoharibu kazi zaidi ni fotokopi. Kijani na bluu vikitoka kwenye mashine ya rangi nyeusi vinakuwa kijivu kimoja, na katuni iliyojengwa juu ya rangi za vyama inabaki kuwa watu wawili wenye nguo za aina moja wakigombana bila sababu. Kabla ya kutoa nakala, andika kwa penseli herufi za rangi juu ya kila shati, kofia na bendera: kj kwa kijani, nj kwa njano, bl kwa bluu, zm kwa zambarau. Wapo wanaopaka rangi upya kwa kalamu za watoto. Hapo ukikosea rangi moja umemhamisha mtu chama, na zambarau ya ACT-Wazalendo ikipakwa bluu mjadala wote unakwenda mrama.

Tarehe

Tarehe huwa imejificha pembeni karibu na sahihi ya mchoraji, kwa mwandiko mdogo. Ndiyo inayokatwa kwanza picha inapopunguzwa ili ijae kwenye simu, na ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote.

Uchaguzi mkuu wa Tanzania huja kila baada ya miaka mitano, na tangu ule wa kwanza wa vyama vingi wa 1995 kawaida yake ni Oktoba (wa 2005 ulisogezwa hadi Desemba baada ya mgombea mwenza mmoja kufariki). Wa serikali za mitaa hutangulia kwa mwaka mmoja hivi. Wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Sasa chukua picha ya greda likisawazisha barabara ya mtaani. Ikiwa imechorwa Septemba ya mwaka wa uchaguzi, greda hilo linaomba kura. Ikiwa imechorwa Machi, miaka miwili baadaye, huenda mchoraji anasema kinyume chake kabisa: angalieni, safari hii limekuja bila kuombwa. Hakuna mstari uliobadilika kwenye picha.

Vidole navyo vina majira yake. Kidole kilichowekwa juu ya mashine ni cha kujiandikisha, na mashine hizo za BVR, yaani za kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, zilitumika kuandaa daftari la 2015. Kidole chenye wino ni cha mtu aliyekwisha kupiga kura. Vijana wengi huvichanganya, wakaiita picha ya uandikishaji picha ya wizi wa kura, kumbe kura zenyewe hazijapigwa.

Hesabu pia karatasi. Mpiga kura wa Bara hupewa tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Wa Zanzibar hupewa tano, kwa kuwa anachagua pia Rais wa Zanzibar na mwakilishi. Jambo hili lina uzito wake hapa Tanga, ambako Pemba iko ng'ambo tu na nusu ya mtaa ina ndugu huko. Katuni za mwisho wa 2015 zinazoonyesha mechi kurudiwa au sanduku kugongelewa misumari mara nyingi zinahusu Zanzibar: uchaguzi wake wa tarehe 25 Oktoba ulifutwa tarehe 28, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Asiyejua hilo ataiweka picha hiyo Bara na kuipa kisa kisicho chake.

Halafu kuna alama zinazozeeka upesi. Mwaka 2015 pushapu ilikuwa habari ya kampeni, kuzungusha mikono ilikuwa habari ya mabadiliko, na "goli la mkono", yaani ushindi wa hila, ulikuwa msemo wa kila kijiwe. Aliyetimiza miaka 18 mwaka 2025 alikuwa na minane wakati huo. Ukimwekea mbele mgombea aliyechorwa akipiga pushapu juu ya sanduku la kura, ataona mtu anafanya mazoezi. Ndiyo maana kundi zuri la kusoma katuni lina angalau mzee mmoja, na kazi yake si kufafanua picha bali kujibu swali moja tu: "Babu, wakati huo watu walikuwa wanasema nini?" Akianza kufafanua picha yote, vijana wanafunga daftari.

Tendo, na kamba iliyolegea

Baada ya tarehe, funika vichwa na uulize nani anamfanya nini nani. Majibu yawe na kitenzi. "Rushwa" si jibu, ni hukumu. "Anampa sukari" ni jibu.

Mchoro huu wa mazoezi tumeuchora ili usiwe na sura ya mtu yeyote anayejulikana. Mama mtu mzima amejifunga kanga, yupo kwenye foleni mlangoni mwa darasa lenye kibao "Kituo cha kupigia kura". Juu ya ushungi amevaa kofia mpya ya kampeni. Mkono wa kushoto ameshika mfuko wa sukari wa kilo mbili, wa kulia ameshika kadi ya mpiga kura. Mfuko umefungwa kamba, na kamba hiyo imekwenda nyuma hadi mkononi mwa bwana mmoja aliyevaa koti. Dirishani inaonekana saa ya ukutani: saa kumi kasoro dakika tano. Chini, kwenye kona, kuku anadonoa chenga za mchele.

Kundi likisomeshwa picha hii bila utaratibu, jibu linatoka kwa haraka: mama kahongwa. Likifuata utaratibu, kwanza kinaonekana kitu ambacho karibu kila mtu hukikosa, yaani kamba. Wanaoiona huandika "anavutwa". Rudi utazame tena. Kamba imelegea, imening'inia hadi karibu na ardhi, na haivuki mlango. Bwana mwenye koti hajavuta, na hata akivuta, kitakachokwenda ni mfuko. Mkono wa kulia wenye kadi uko huru. Mchoraji angetaka kusema kura imenunuliwa angeikaza kamba na kuifunga mkono wa kulia. Hivi alivyoichora, anauliza swali: sukari ikishaliwa, ndani ya kibanda cha kupigia kura nani atamwona?

Saa nayo isipitwe. Vituo hufungwa saa kumi jioni, na aliyekwishakuwa kwenye foleni saa hiyo huruhusiwa kupiga kura. Kwa hiyo dakika tano zilizobaki si hatari kwa mama huyu. Ni hatari kwa bwana mwenye koti, ambaye muda wa kuvuta unamwishia.

Sasa sukari. Hapa tarehe inarudi kudai chake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliongezwa vifungu vilivyoruhusu takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mahakama Kuu ilivifuta mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mfuko ule ule wa sukari ukichorwa 2005 unaishutumu sheria kwa kuruhusu; ukichorwa 2010 unamshutumu mtu kwa kuvunja sheria. Hayo ni mashtaka mawili tofauti, na msomaji anayesema tu "hii ni rushwa" ameyaunganisha pasipo kujua.

Liko na jambo jingine kwenye picha hii, na tunaliacha makusudi ili lizue ubishi. Kwa nini mpiga kura mwenye sukari ni mama maskini wa kanga? Wachoraji wengi wana mazoea hayo: anayehongwa huwa mwanamke mzee au mtu wa kijijini, na mwenye elimu anasimama pembeni akisikitika. Picha inaweza kuwa na haki juu ya sukari na ikakosa haki juu ya mama. Kinamama wa Pongwe na Muheza huliona hili kabla ya wanaume, na hawalisemi kwa upole.

Vitu na ukubwa wake

Walimu wa fasihi wana neno chuku kwa jambo lililokuzwa kupita kiasi, na katuni haiishi bila chuku. Kinachokuzwa ndicho kinachoshutumiwa. Tumbo likizidi, suala ni kula. Kalamu ikizidi sanduku, suala ni kuandika matokeo. Masikio yakiwa madogo kuliko kawaida, suala ni kutosikia. Pima kwa rula kama watu wanabishana: sentimita hazina chama.

Mfano ambao haujazeeka ni wa New York, tarehe 7 Oktoba 1871. Thomas Nast wa jarida la Harper's Weekly alimchora William Tweed, kigogo wa Tammany Hall, kundi lililokuwa limeushika mji huo. Tweed ameegemea karibu na sanduku la kura, ametulia, tumbo mbele. Maneno anayotamkishwa, kwa Kiswahili, ni haya: maadamu mimi ndiye ninayehesabu kura, mtafanya nini? Tazama tendo. Haibi, habebi sanduku, hatishii mtu. Ameegemea tu. Vijana husema picha haina kitu, hadi waulizwe mtu huegemea nini: kilicho chake. Kiko vilevile na ambacho hakikuchorwa. Mpiga kura hayumo kwenye picha. Kukosekana kwa mtu ni kitu cha kuandikwa kwenye orodha ya vitu.

Uchaguzi uliofuata Novemba mwaka ule uliwaangusha wengi wa kundi lake, lakini Tweed mwenyewe alirudishwa kwenye kiti chake cha seneti ya jimbo. Tunalieleza hili kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba katuni kali huangusha mtu. Alianguka baadaye, kwa mahakama, akafia gerezani mwaka 1878.

Wanyama wanatusumbua zaidi kuliko kitu kingine chochote. Kila mwaka wa uchaguzi wa Marekani simu zinajaa tembo na punda. Msomaji wa Tanga anamwona punda anafikiri mwananchi, maana punda wetu ndiye mbeba mzigo na methali inasema punda afe mzigo ufike. Akimwona tembo anafikiri wakubwa, maana wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwa Wamarekani tembo ni chama cha Republican na punda ni cha Democratic, basi. Lakini hata kwao haikuanza hivyo. Katika mchoro wa Nast wa tarehe 7 Novemba 1874, tembo ameandikwa ubavuni kuwa ni kura ya Republican, yaani wapiga kura, siyo chama. Punda aliyevaa ngozi ya simba kwenye mchoro huohuo ni gazeti la New York Herald, na chama cha Democratic kimechorwa mbweha. Aliyekariri kwamba punda daima ni Democratic anakosa mchoro mzima. Lebo ya kwenye picha ina nguvu kuliko unachokumbuka.

Wa kwetu wana tabia zao: fisi mlafi, kinyonga anayehama chama, chui ndani ya ngozi ya kondoo, na pwani hii mapapa na dagaa wa ufisadi. Hawa hawahitaji maelezo marefu. Hatari yao ni kwamba msomaji anawafahamu mno, anaacha kutazama wanachofanya. Kinyonga aliyesimama tuli kwenye tawi la rangi yake halisi si mhamaji. Pengine ndiye pekee ambaye hajahama.

Na mpira, katika mji wa Coastal Union na African Sports, ni mtego wa aina yake. Tume ya uchaguzi ikichorwa refa, nusu ya kundi inaanza kujadili kama ilikuwa ofsaidi. Acheni. Uliza matatu tu: refa anatazama wapi, nani ameshika saa, na mashabiki wako ndani ya uwanja au nje ya uzio. Goli la mkono lenyewe linatoka Mexico 1986, Maradona dhidi ya Uingereza, na kiini chake ni kwamba refa hakuona. Mchoraji wa 2015 akimchora refa macho wazi anauangalia mkono, amelitoa goli lile kwenye kosa la macho na kulipeleka kwenye kosa jingine kabisa.

Mfano wa mipaka ya majimbo ya uchaguzi tunautaja kwa ufupi. Machi 1812 gazeti moja la Boston lilichapa joka lenye mabawa na makucha, na watu wetu husema ni Ibilisi wa siasa. Angalia kwenye mwili wake: kuna majina ya miji. Ni ramani ya jimbo la uchaguzi la Massachusetts lililochorwa likizunguka zunguka ili chama cha gavana Elbridge Gerry kipate viti. Kilipata viti 29 kati ya 40 vya seneti kwa kura chache kuliko za wapinzani. Gerry mwenyewe alishindwa ugavana mwaka huohuo.

Maandishi

Sasa ondoa karatasi iliyofunika maneno. Swali ni kama maneno yanakubaliana na picha au yanapingana nayo. Yakipingana, kuna kejeli, na katika kejeli picha ndiyo inayosema kweli. "Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki" chini ya sanduku lililopasuka si sifa. Hili linaonekana dogo, lakini anayesomewa maneno kwa simu na mtu aliye mbali, bila kuiona picha, huyachukua kama tamko.

Usomaji wa katuni na usomaji wa kanga vinakaribiana hapa, na Tanga hakuna haja ya kueleza sana. Jina la kanga halisomwi peke yake. Linasomwa kwa kuangalia nani kaivaa, mbele ya nani, siku gani.

Katuni nyingi za Tanzania zina kijitu cha pembeni kinachosema. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru enzi za chama kimoja. Baadaye akaja Kingo wa James Gayo, Kipanya wa Masoud Kipanya na Kijasti wa Nathan Mpangala. Kwenye mtindo huu wa katuni, maneno ya kijitu cha pembeni hayachukuliwi moja kwa moja kuwa maoni ya mchoraji. Mara nyingine anasema kijinga ili sisi tuseme kweli. Soma kwanza picha bila yeye, halafu na yeye, uone amebadilisha nini.

Kabla ya vyama vingi alama zenyewe zilikuwa kwenye karatasi ya kura. Tangu uchaguzi wa 1965 wagombea wawili wa ubunge walitofautishwa kwa jembe na nyumba. Wazee wanaokumbuka enzi hizo wakiona jembe kwenye katuni ya leo huwaza mgombea, si kilimo, na hawajakosea kuwaza hivyo ikiwa mchoro ni wa zamani.

Sura

Ndipo vichwa vinafunuliwa. Jina likishatajwa, fanya jaribio moja: weka kichwa kingine palepale, kichwa cha mtu wa chama chako. Ikiwa picha bado ina maana, mchoraji ameshambulia tendo, na jina ni la siku ile tu. Ikiwa picha imepoteza maana, ameshambulia mtu, na hapo inafaa kuuliza kama anashambulia alichofanya au pua aliyozaliwa nayo. Katuni inayobaki na pua tu tunaiweka kando, hata ikichekesha vipi.

Wasiotambua sura wasionewe haya. Mchoraji hukuza alama moja au mbili, kipara, miwani, mwanya, na anayesoma magazeti kila siku amezizoea. Kijana wa Mikanjuni anayepata habari kwa redio anamjua mgombea kwa sauti. Mpe jina baada ya kumaliza hatua nyingine, na mara nyingi ndiye aliyeandika orodha ndefu ya vitu.

Baada ya hapo lije swali la ushahidi. Katuni ni shutuma. Yenyewe haithibitishi chochote. Nast alipokuwa anamchora Tweed, gazeti la New York Times lilikuwa limeanza Julai 1871 kuchapa hesabu za fedha za mji, kwa hiyo shutuma ilikuwa na mahali pa kuegemea. Malawi nako, chupa ya wino mweupe wa kufutia makosa ilijaa kwenye katuni baada ya uchaguzi wa Mei 2019. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama iliufuta uchaguzi huo, na fomu zilizofutwafutwa zikiwa sehemu ya kesi. Chupa ileile kabla ya hukumu ilikuwa madai, baada ya hukumu ikawa kumbukumbu. Kwa katuni ya hapa nyumbani uliza: kama hili ni kweli, lingeonekana wapi? Kwenye matokeo yanayobandikwa kituoni? Kwenye fomu walizosaini mawakala? Kwenye hukumu? Jibu likiwa "hakuna anayejua", liandikwe hivyohivyo kwenye daftari.

Picha za simu

Nyingi zinazosambaa WhatsApp zimechezewa. Anza na kiputo cha maneno. Mchoraji huandika kwa mkono, herufi zake hazilingani kamili; zikiwa za kompyuta katika kiputo kimoja na za mkono katika kingine, kimoja kimebadilishwa. Kuza picha utazame ukingo wa kiputo: weupe wa kubandika huwa mweupe kuliko karatasi iliyobaki, na mara nyingine hukata mstari wa mchoro. Tafuta sahihi. Ikiwa haipo, angalia kama pembe moja ya picha iko karibu mno na mguu au kichwa cha mtu. Mchoraji huacha nafasi, mkataji haachi. Mwisho tafuta picha hiyo mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, wala si maneno yake, kwa sababu maneno ndiyo yaliyobadilishwa. Mara nyingi itatokea ya uchaguzi uliopita, au ya nchi jirani yenye bendera iliyopakwa upya.

Kundi likishapitia katuni tatu au nne kwa namna hii, lipewe kuchora. Fremu ya sentimita 15 kwa 20, penseli ya 2B, hakuna sura ya mtu anayejulikana, na lebo zisizidi tatu. Michoro ya kwanza huja imejaa maandishi: SERIKALI, WANANCHI, RUSHWA, HAKI, kila kitu na jina lake, na watu wamesimama kama kwenye picha ya harusi. Rudisha kwa swali lile la mwanzo: nani anamfanya nini nani? Anayeweza kuijibu kwa kitenzi kimoja afute lebo moja, achore tena.